Kitale Wanajaza, Bungoma Wanamwaga

"Mkubwa, gesi imeisha." Gari likipuliza hewa ya vuguvugu, hiyo ndiyo hukumu utakayopewa kabla hujafunga mlango vizuri. Fundi anainua boneti, anabonyeza kichwa cha valvu kwa ncha ya bisibisi, anasikiliza "psss" fupi, anatikisa kichwa kwa huzuni, na kesi imekwisha. Hajakuuliza baridi ilianza kupungua lini. Hajatazama kama feni inazunguka. Hajashika bomba hata moja kujua lipi la moto na lipi la baridi. Gesi imeisha, lete elfu tatu.

Imeishaje? Gesi ya AC si petroli. Haichomwi, na kompresa haiinywi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kila upande. Kompresa inaibana, kondensa iliyo mbele ya radieta inaitoa joto mpaka igeuke kimiminika, ekspansheni valvu inaipenyeza kwenye tundu jembamba, presha inaporomoka, inachemka ndani ya evaporeta nyuma ya dashibodi na kunyonya joto la mle ndani, kisha inarudi kwa kompresa kuanza safari upya. Mzunguko huo hauna ekzosi. Kama gesi imepungua, imetoka mahali, na mahali hapo panaweza kuonyeshwa kwa kidole.

Nakubali kwamba mipira ya mabomba huachia gesi kidogo sana mwaka hadi mwaka, na gari lililozeeka linaweza kudai nyongeza kidogo bila kuwa na kasoro kubwa. Lakini gari ulilojaziwa Februari na likalia tena Juni lina tundu. Fundi aliyekujazia mara ya pili bila kulitafuta tundu hilo hakukutengenezea kitu. Amekuuzia gesi ileile mara mbili, akijua unarudi Oktoba.

Sasa tuje kwenye mchezo wenyewe, unaochezwa kwenye barabara yetu hii kila siku. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Bungoma iko karibu mita 1,400. Ukitoka Kitale ukapita Kiminini na Kamukuywa, ukashukia Webuye na kuingia Bungoma, umeshuka karibu nusu kilomita na joto limepanda. Chukua gari moja lenye gesi ya R134a, ambayo ndiyo iliyomo katika magari mengi tunayoendesha. Lipime Kitale alfajiri, injini ikiwa imelala usiku kucha na hewa ikiwa nyuzi 15. Geji zote mbili, ya bluu na ya nyekundu, zitasoma karibu psi 59. Lipime gari lilelile Bungoma mchana, likiwa limepoa kivulini na hewa ikiwa nyuzi 30. Geji zitasoma karibu psi 99. Psi 40 zimeingia kutoka wapi? Hakuna aliyeongeza hata gramu moja.

Hapo ndipo uongo wote unapojificha. Gesi ya namna hii ikifungiwa ndani ya chombo, maadamu imebaki sehemu yake iliyo kimiminika, presha yake hufuata joto, si wingi. Mtungi wa meko wa kilo 6 uliojaa na ule uliobakiza kilo 2 ina presha karibu sawa ikiwa jiko moja. Ndiyo maana mama anayeuza chapati pale stendi hakubali kuambiwa mtungi umejaa kwa sababu valvu imelia. Anadai uwekwe kwenye mizani, asome kilo kwa macho yake, ndipo atoe pesa. Mama huyo ana akili ya fizikia kuliko mwenye gari la milioni moja na nusu anayesimama gereji, mikono mfukoni, akitazama mshale wa geji ukipanda na kuridhika kwamba amejaziwa.

Asubuhi ya baridi Kitale, fundi anawasha AC na kufunga geji. Ya bluu inasoma 20, nyekundu 120. Kwa hali ya hewa ile, namba hizo zinaweza kuwa sawa kabisa. Lakini amejifunza kwa video iliyopigwa katika nchi ya joto la nyuzi 35, na video imesema 40 kwa 220. Basi anafungua mtungi, anamimina, anamimina, mpaka mishale ifike anapotaka. Gari linaondoka limeshiba kupita kiasi, na kwa kuwa Kitale kuna baridi, hakuna anayegundua. Saa nane mchana liko kwenye msongamano wa Kanduyi pale Bungoma, halisogei, kondensa haipati upepo, na gesi ya ziada iliyogeuka kimiminika imejaa chini ya kondensa na kuchukua nafasi ya kupoozea. Presha ya upande wa juu inapanda 300, 350, 400, mpaka swichi ya usalama inakata kompresa. AC imekufa tena. Mwenye gari anaingia gereji ya Bungoma akiwa amelowa jasho.

"Nani alikujazia? Gesi imezidi!" Huyu naye hana mizani. Anabonyeza valvu na kuachia gesi hewani, shaaa, mpaka mshale utulie anapopenda. Gari linarudi Kitale, asubuhi yake ni baridi, geji inasoma chini, na wimbo unaanza upya: mkubwa, gesi imeisha. Kitale wanajaza, Bungoma wanamwaga, na katikati yuko mtu mmoja anayelipa pande zote mbili na kushukuru.

Simchukii fundi. Geji ni chombo kizuri sana mikononi mwa anayejua kuisikiliza. Nikitaka kumpima fundi, namuuliza swali moja tu: hizi geji mbili zikisomwa pamoja zinasema nini? Anayejua atakueleza taratibu, na atakuuliza kwanza hewa ya leo ni nyuzi ngapi, kwa sababu bila joto la hewa namba za geji hazina maana yoyote.

Pande zote mbili zikiwa chini kuliko inavyostahili kwa joto la siku hiyo, gesi ni pungufu, na kazi ya kwanza ni kutafuta inakotokea. Hapa kwetu kazi hiyo ni rahisi kuliko fundi anavyotaka uamini. Gesi inazunguka pamoja na oili ya kompresa, kwa hiyo inapovuja huacha oili, na oili ikikutana na vumbi la murram huacha doa jeusi lenye mafuta pale pale kwenye kosa: kwenye kiungo cha bomba, mbele ya kompresa, au kwenye kondensa iliyopigwa na kokoto. Kurunzi na kitambaa vinatosha kuanza. Maji ya sabuni yanafuata. Rangi ya kuvuja na taa yake vinafuata. Na wakati mwingine tundu lote ni valvu ndogo iliyolegea, tena kile kifuniko cha plastiki kilichokuwa juu yake kilitupwa na fundi wa mwisho kwa kudhani ni urembo. Kifuniko hicho kina mpira ndani, na kazi yake ni kuziba.

Pande zote mbili zikiwa juu, usikimbilie kumwaga. Tazama feni kwanza. Tazama kondensa. Bungoma ni nchi ya miwa, na majivu ya mashamba yaliyochomwa hayachagui pa kutua. Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, ni nchi ya mahindi, na msimu wa kupukuchua makapi yanaruka mpaka barabarani. Mvua ikinyesha juu ya hayo yote, mapezi ya kondensa yanaziba kwa udongo mkavu usiopitisha upepo. Kuna jaribio ambalo halihitaji mtambo wa mamilioni: injini ikiwa inanguruma, mwagia kondensa maji taratibu kwa mpira, macho kwenye geji nyekundu. Ikishuka haraka na hewa ya ndani ikaanza kuwa baridi, shida yako iko kwenye upepo: kondensa chafu au feni iliyolala. Hata dalili za gesi iliyozidi hufichwa na maji hayo, kwa hiyo jaribio hili linakuonyesha pa kuanzia, halimalizi kesi. Na ukiosha kondensa, usiipige kwa mashine ya kuoshea magari kwa nguvu zote. Mapezi yake ni laini, yakilala hayaamki.

Geji ya bluu ikizama kuelekea sifuri, au chini ya sifuri, na nyekundu isipande inavyotakiwa, kuna kuziba. Ekspansheni valvu imeshikwa, au draya, kile kichujio kinachonyonya unyevu, imeoza ndani na kumwaga changarawe zake. Na kama gari linapuliza baridi nzuri dakika kumi, linaacha, ukizima likapumzika linarudi tena, mshuku maji. Unyevu uliobaki ndani unaganda kwenye lile tundu jembamba la valvu, unaziba, unayeyuka, unaziba tena. Mwenye gari la namna hiyo huwa ameshajaziwa gesi mara kadhaa, na kila mara lilipuliza vizuri alipokuwa gereji.

Halafu kuna ile hali ya bluu kuwa juu na nyekundu kuwa chini, mishale inakaribiana kama vile hakuna kinachofanyika. Kompresa imechoka ndani, haibani. Ukiijazia gesi kompresa ya namna hiyo unapoteza gesi, muda na adabu.

Unaona basi. Ziko hali nyingi, na kuongeza gesi ni sehemu ya dawa ya moja tu, tena baada ya kuziba tundu. Lakini katika gereji zetu nyingi dawa ni moja kwa magonjwa yote, kwa sababu ndiyo inayouzika haraka.

Geji zikiwa zimetulia, kompresa imezimwa na gari limepoa, zina siri nyingine ambayo wachache huitumia. Hazikwambii gesi ni kiasi gani, ila zinaweza kukwambia gesi ni gani. Kitale, siku ya nyuzi 20, R134a safi inapaswa kusoma karibu psi 71. Ukikuta 95, mle ndani mmechanganyika hewa au gesi nyingine, na hakuna ujanja wa kuongeza wala kupunguza utakaokusaidia. Ni kutoa yote na kuanza upya. Jedwali la presha na joto linapatikana bure na linaenea kwenye karatasi moja. Ni gereji ngapi zimelibandika ukutani, karibu na kalenda ya duka la vipuri?

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya ughaibuni havitakwambia, kwa sababu waandishi wake hawakuwahi kufanya kazi chini ya Mlima Elgon. Kabla ya kujaza gesi lazima mabomba yafyonzwe hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu. Kitabu kitasema shusha geji mpaka inchi 29 za zebaki na zaidi. Hiyo ni Mombasa. Hewa ya Kitale ni nyepesi, na hata pampu bora kuliko zote duniani haitaipeleka geji mbali kuliko takriban inchi 24. Bungoma ni karibu 25. Fundi anayesubiri 29 Kitale atasubiri hadi kiama, au ataitupa pampu nzima akidhani imekufa. Mbaya zaidi ni yule anayefika 22 na kusema inatosha, si mbali na 24. Siku ya nyuzi 20 Kitale, maji hayachemki ndani ya mabomba mpaka geji ipite takriban inchi 23. Kwa 22 hujakausha kitu, umeyaacha maji yote yakisubiri kuganda kwenye valvu na kutengeneza asidi pamoja na oili. Inchi moja tu, na ndiyo inayotenganisha kompresa itakayoishi na itakayokufa.

Na hao angalau wana pampu. Wapo wasio nayo kabisa, wanaofungua upande mmoja, wanasukuma gesi upande wa pili "itoe hewa," kisha wanafunga na kujaza. Ukiona hivyo, ondoka. Usingoje hata chenji.

Nitataja uhuni mmoja zaidi, maana huu unaua. Gesi ikipungua sana, swichi ya presha ya chini huizuia kompresa isifanye kazi. Imewekwa hapo kwa sababu oili husafiri na gesi, na pasipo gesi ya kutosha kompresa hukauka. Fundi mwenye haraka anachukua kipande cha waya, anaunganisha nyaya za swichi hiyo moja kwa moja, klachi inashika, "tak!", na mteja anafurahi: imeamka! Imeamka kwenda kaburini. Ikijikwaruza mpaka ikakatika, chembe za chuma zitasambaa kwenye kondensa na valvu, na sasa hununui gesi ya elfu tatu. Unanunua kompresa, draya, valvu, pengine kondensa pia. Halafu utasikia gari ndilo lilikuwa bovu.

Kwenye magari ya haibridi, kama zile Aqua na Fit zinazozidi kujaa barabarani, mambo ni mazito zaidi. Kompresa yake kwa kawaida huendeshwa na umeme wa volti nyingi, na oili yake ni ya aina maalumu isiyopitisha umeme. Ukiimwagia oili ya kawaida ya kompresa za mkanda, unaharibu kinga ya umeme ya kompresa nzima. Fundi asiyeuliza aina ya oili asiguse gari hilo.

Sasa geuka hapa, mwenye gari, maana nawe huna mikono safi. Nani humwambia fundi, "Weka tu gesi, nina haraka, niko na safari ya Eldoret"? Nani hukataa kulipia saa mbili za kutafuta tundu lakini hulipa gesi mara nne kwa mwaka bila kunung'unika? Fundi anayetaka kufanya kazi sawasawa anakuambia: niachie gari mpaka jioni, nilijaze naitrojeni, nione kama presha inashuka. Wewe unaondoka kwa hasira kwenda kwa jirani yake atakayekumalizia kwa dakika ishirini. Soko hilo umelilea wewe. Fundi mwaminifu amekaa njaa, mbabaishaji amejenga.

Na acheni huu msemo wa kwamba Kitale ni baridi, AC ni ya watu wa Kisumu na Mombasa. Mvua za Trans Nzoia huanza Machi na kuendelea hadi Oktoba au Novemba. Jioni ya mvua, abiria wote mle ndani wakipumua, kioo cha mbele kikiingia ukungu na lori la miwa lisilo na taa za nyuma likiwa mbele yako kabla ya Webuye, kinachokausha kioo hicho haraka ni AC. Evaporeta inapopoza hewa, unyevu wake unadondoka chini ya gari kama maji. Dereva anayefuta kioo kwa kiganja huku mkono mmoja ukiwa kwenye usukani anaendesha kipofu. Tena baridi yenyewe inachangia kuua AC zetu: mtu hukaa miezi bila kuiwasha, oili haizunguki, sili ya mhimili wa kompresa inakauka na kuanza kuvujisha. Iwashe dakika kumi kila wiki, hata asubuhi ya sweta. Ni bure.

Turudi kwenye gesi yenyewe, kwa sababu haitoshi kujua kiasi. Unajua kilichomo ndani ya ule mtungi? Mwaka 2011 makontena ya friji yalilipuka wakati yakifanyiwa kazi, na watu watatu wakafa, huko Vietnam na Brazil. Uchunguzi ulielekeza kwenye gesi bandia: ndani ya kilichouzwa kama R134a kulikuwa na kloridi ya methili, kemikali inayokula alumini na kuzaa kitu kinachowaka kikiguswa na hewa. Kompresa na kondensa za gari lako ni alumini. Walaghai hao huchanganya gesi zao mpaka presha ifanane na ya halali, kwa hiyo hata lile jedwali langu linaweza kudanganywa. Kinachosaidia ni kununua kwa muuzaji anayetoa risiti yenye jina lake. Wapo pia wanaojazia magari gesi ya kupikia, eti inapoza vizuri. Inapoza, ndiyo. Pia inavujia kwenye evaporeta, iliyo mbele ya magoti yako, ndani ya chumba chenye swichi za umeme na pengine abiria mwenye sigara.

Ile shaaa ya Bungoma nayo si ya bure kwa mkulima wa Endebess anayeulizia mvua. R134a haitoboi tabaka la ozoni kama R12 iliyotangulia, ila kwa miaka 100 kilo yake moja huongeza joto la dunia kama kilo 1,430 za kaboni dioksidi. Gari dogo hubeba gesi gramu 450 au hapo karibu. Ukiiachia yote hewani, umefanya sawa na kutoa zaidi ya kilo 640 za kaboni dioksidi, kiasi cha kuchoma takriban lita 280 za petroli. Kwa nusu dakika, ukitafuna muwa.

Ndiyo maana Oktoba 2016 nchi za dunia zilikutana Kigali, hapa hapa Afrika Mashariki, zikakubaliana kupunguza gesi za jamii hii. Kundi la nchi zinazoendelea ambamo Kenya imo lilitakiwa kusimamisha ongezeko lake mwaka 2024, kupunguza asilimia 10 ifikapo 2029 na asilimia 30 ifikapo 2035. Maana yake ni nyepesi: gesi mnayoimwaga leo kama maji itakuwa haba, na kitu kikiwa haba huwa ghali. Ulaya imeshaizuia kwenye magari mapya tangu 2017, na sisi tunaruhusiwa kuingiza magari yasiyozidi miaka 8, kwa hiyo magari yenye gesi mpya ya R1234yf yanaendelea kutufikia. Gesi hiyo inaweza kushika moto, na viungio vyake vimetengenezwa tofauti makusudi ili gesi hizo mbili zisichanganywe. Fundi aliyezoea kulazimisha atatengeneza adapta ya kienyeji na kusukumiza R134a humo. Narudia: atafanya hivyo, kwa sababu hakuna aliyemfundisha wala anayemkagua.

Na hapo ndipo ninapowauliza wenye ofisi. Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zinakusanya ada ya leseni ya biashara kutoka kila gereji. Je, afisa wa leseni amewahi kuuliza kama gereji inayojaza gesi ina mizani? Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, ipo, na mizani ya mahindi sokoni hupigwa mhuri. Gesi ya AC inauzwa kwa uzito duniani kote. Kwa nini inauzwa kwa jicho Kitale? Kitale National Polytechnic iko mjini, chuo cha Sang'alo kiko Bungoma. Kozi fupi ya wiki mbili ya geji, vakyumu na mizani, jioni, kwa mafundi walioko kazini tayari na wasio na cheti chochote, ingebadilisha zaidi ya semina zote za mazingira zinazofanyiwa hotelini. Mafundi wetu wengi walijifunza kwa kutazama waliowatangulia, nao walijifunza enzi za R12. Kuwatukana tu hakusaidii. Wapeni mahali pa kujifunza, kisha muwabane.

Wewe msomaji usingoje kaunti. Fungua boneti ya gari lako leo, utafute kibandiko cha AC. Kama gari limetoka Japani kitakuwa na herufi usizozijua, lakini namba hazina kabila: utaona HFC134a, na kando yake gramu au kilo. Ipige picha, ikae kwenye simu. Siku AC itakaposhindwa, mwonyeshe fundi picha hiyo na umwombe akuandikie kwenye risiti mambo matatu: gramu alizotoa, tundu alilolikuta, na gramu alizorudisha. Akikuandikia, mlipe vizuri na umpeleke mwenzako kwake. Akikwambia mizani haina kazi, presha inatosha, washa gari uondoke.